Muhula wa kwanza katika shule ya kata: mwongozo kwa mwalimu mpya wa sekondari

Nilipopata barua ya kupangiwa kituo wilayani Nachingwea, kusini mwa Tanzania, sikuwa nimewahi kuvuka Daraja la Mkapa kwenye Mto Rufiji. Nilishuka kwenye basi na begi moja, godoro lililokunjwa na bahasha ya vyeti. Nilikuwa na shahada ya ualimu wa Kemia na Baiolojia, na kwa kuwa mafunzo kwa vitendo nilifaulu vizuri, niliamini kazi nimeshaijua. Muhula ule nilifundisha mada zote zilizokuwa kwenye azimio la kazi, yaani mpango wa mada za muhula. Mtihani wa Juni uliponionyesha watoto walichobaki nacho, nilikaa na karatasi zao mpaka taa ikaisha mafuta.

Tangu hapo nimepokea walimu wapya wengi, na kila mmoja namweleza mambo haya haya. Yanamhusu zaidi mwalimu wa sekondari ya kutwa ya serikali, hizi tunazoziita shule za kata, zilizoongezeka kwa wingi chini ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, MMES, ulioanza mwaka 2004. Mwalimu wa shule binafsi atakuta mengi ya darasani yanamfaa, ila barua na mshahara wake vina njia nyingine.

Hatua ya 1: Ripoti ukiwa na karatasi zote na pesa ya miezi miwili

Usianzie shuleni. Anzia ofisi ya Mkurugenzi wa Halmashauri, kwa Afisa Utumishi, ndani ya siku zilizoandikwa kwenye barua yako. Beba vyeti halisi vyote, kuanzia cheti cha kuzaliwa, cha Kidato cha Nne, cha Sita kama unacho, mpaka cha chuo, na nakala kadhaa zilizothibitishwa na hakimu au wakili. Beba namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA), picha ndogo za pasipoti na taarifa za akaunti ya benki. Angalia kama jina lako limeandikwa sawasawa kwenye kila karatasi. Herufi moja iliyozidi kwenye cheti cha kuzaliwa inaweza kukukwamisha kuingizwa kwenye mfumo wa mishahara, na kula kiapo cha kurekebisha jina ukiwa kijijini ni safari za wiki nzima.

Pita pia ofisi ya Tume ya Utumishi wa Walimu, TSC, ya wilaya hiyo. Tume hii iliundwa kwa sheria ya mwaka 2015, na ndiyo yenye jalada lako la kiutumishi. Kuthibitishwa kazini baada ya kipindi cha majaribio, kupandishwa daraja na hata mashauri ya nidhamu, vyote vinapita huko. Andika kwenye daftari lako tarehe uliyofika, ofisi uliyoingia na cheo cha aliyekupokea. Fungua faili la plastiki siku hiyo hiyo na uweke nakala ya kila kitu unachowasilisha. Tiketi ya basi nayo itunze, kwa kuwa mwajiriwa mpya ana haki ya nauli na posho ya kujikimu, na anayedai bila kiambatisho hurudishwa.

Kuhusu pesa nasema wazi: mshahara wa kwanza unaweza kuchelewa wakati taarifa zako zinaingizwa. Kodi ya chumba, sufuria, jiko, unga na vocha havingoji cheki namba, ile namba ya mtumishi kwenye mfumo wa mishahara. Kama unaweza kukopa, kopa kwa mama au kaka kabla hujaondoka nyumbani. Usikope kwa mtu wa kijijini wiki yako ya kwanza.

Hatua ya 2: Wiki ya kwanza, sikiliza

Sekondari ina mkuu wa shule. Mwalimu mkuu ni wa shule ya msingi. Ukikosea hapo unaonekana hujui ulipofika. Chini ya mkuu yupo makamu, halafu mwalimu wa taaluma, ambaye wote tunamwita mtaaluma, halafu mwalimu wa nidhamu, walimu wa madarasa na wakuu wa idara za masomo. Mtu wa kukaa naye siku ya kwanza ni mtaaluma. Mwombe vitu hivi: ratiba, muhtasari wa somo lako (unaotaja mada za kila kidato), kitabu cha kiada, azimio la kazi la aliyekutangulia, shajara ya somo na alama za mitihani ya mwaka uliopita. Shajara itakuonyesha mada ipi ilifundishwa kweli na ipi ilirukwa. Uliza hasa kuhusu muhtasari, maana mitaala inabadilika kufuatia Sera ya Elimu ya mwaka 2014, toleo la 2023, na unaweza kukuta kidato kimoja kinatumia mpya na kingine kinamalizia wa zamani.

Ofisini toa shikamoo kwa kila aliyekuzidi umri, uwe na shahada na yeye stashahada. Mwalimu aliyekaa miaka 20 pale kituoni anajua familia ya kila mtoto utakayemfundisha. Jioni tembea kijijini. Jitambulishe kwa mwenyekiti wa kijiji, uliza maji yanachotwa wapi, kisha fuata njia wanayopita wanafunzi wako mpaka kitongoji cha mbali. Mimi nilipotembea mpaka kitongoji cha mwisho nilitumia saa moja na nusu kwenda tu. Kesho yake sikumsimamisha tena nje mtoto aliyefika saa mbili kasoro.

Hatua ya 3: Pima kabla hujafundisha

Kabla ya mada ya kwanza, tumia vipindi viwili kuwapima. Andaa maswali 10 mepesi ya somo lako yanayotokana na yale waliyosoma darasa la sita na la saba. Waulize kwa Kiswahili. Siku inayofuata waulize maswali yale yale kwa Kiingereza, ukibadilisha mpangilio tu. Waambie hayana alama ya kuingia popote. Kusanya karatasi zote mbili, zipange kwa majina, zifunge na uzitunze. Utazihitaji Juni.

Utakachokiona kitakuonyesha muhula wako wote. Katika darasa langu la watoto 86, wakati kiwango cha serikali ni 40 kwa mkondo, wengi walijua kwamba chuma hushika kutu kikipata maji na hewa, na kwamba mmea unatengeneza chakula kwenye majani. Karatasi ya Kiingereza ilikuwa na maneno ya swali yaliyonakiliwa upya mahali pa jibu, kwa mwandiko mzuri kabisa. Mtoto yule yule, maarifa yale yale. Walisoma miaka saba kwa Kiswahili, na Januari wakageuziwa lugha. Wiki za kuwaandaa kwa Kiingereza mwanzoni mwa Kidato cha Kwanza zinasaidia. Usiishie hapo.

Hatua ya 4: Fanya kazi na lugha mbili kwa makusudi

Hapa ndipo nataka ukae zaidi, hata kama hatua nyingine utazisoma haraka.

Lugha rasmi ya kufundishia sekondari ni Kiingereza, na Kemia, Fizikia, Baiolojia, Jiografia na Hisabati huulizwa kwa Kiingereza kwenye mtihani wa taifa. Hilo hulibadilishi wewe darasani. Walimu wengi hujibu kwa njia moja kati ya mbili. Wengine huongea Kiingereza mwanzo mwisho, darasa likawa kimya, na ukimya ule wakadhani ni utulivu. Wengine hueleza kila kitu kwa Kiswahili, halafu wanaandika nukuu za Kiingereza ubaoni zinakiliwe. Njia zote mbili humwacha mtoto na daftari zuri asiloweza kulisoma.

Nilijua hivyo kwa sababu ya sukari. Mada ilikuwa mchanganyiko na mimumunyo. Nilichukua glasi ya maji, nikatia kijiko cha sukari, nikakoroga, nikauliza kwa Kiingereza imetokea nini. Kimya. Nikauliza kwa Kiswahili, "Sukari imekwenda wapi?" Darasa zima likajibu kwa pamoja: "Imeyeyuka!" Nikafurahi. Nikaandika ubaoni neno la Kiingereza, "dissolve", tukaendelea. Wiki iliyofuata nikakuta kwenye madaftari, moja baada ya jingine, wameandika kwamba sukari "melts" kwenye maji. Niliweka alama nyekundu ya kosa kwenye daftari la kumi, nikakasirika, nikadhani hawakunisikiliza.

Walinisikiliza. Barafu ikitolewa kwenye jokofu, kwa Kiswahili cha kila siku inafanyaje? Inayeyuka. Sukari kwenye chai? Inayeyuka. Neno letu moja limebeba matendo mawili ambayo Kemia inayatenganisha, na mtoto akitafuta Kiingereza chake anachukua lile la kwanza analolijua. Kosa lilikuwa langu kwa kutoliona neno hilo kabla ya kuingia darasani.

Nilirudia somo. Nikawasha mshumaa, nikaweka kipande cha nta kwenye kijiko juu ya moto. "Hapa kuna vitu vingapi kwenye kijiko?" Kimoja, nta. "Imepata nini?" Joto. Nikatia chumvi kwenye maji ya baridi. "Hapa kuna vitu vingapi?" Viwili. "Kuna moto?" Hakuna. Nikawauliza: ukiwa na pipi mdomoni hutafuni, unafanya nini? "Unaimumunya, mwalimu!" Na pipi inakwendaje? Inaisha kwenye mate. Basi hiyo ndiyo kumumunyuka, na maji yenye chumvi ndani yake ni mmumunyo. Neno walikuwa nalo mdomoni tangu utotoni. Ndipo nikaandika maneno mawili ya Kiingereza ubaoni, moja chini ya mshumaa, jingine chini ya glasi, na kila mtoto akatunga sentensi zake mbili.

Tangu siku hiyo nina daftari la maneno, na ninakushauri ufungue lako leo. Kila unapoona kosa lile lile kwenye madaftari mengi, jiulize kama kuna neno moja la Kiswahili lililokaa juu ya dhana mbili. Utayapata kwa wingi. Joto la kila siku hubeba nishati ya joto na pia halijoto inayosomwa kwenye kipimajoto. Uzito hubeba uzito wenyewe na tungamo, na mwalimu wa Fizikia anayelifahamu hilo Januari hatalalamika Oktoba. Hata maneno ya maswali yana shida hiyo. "Eleza" yetu inatosha kwa "describe" na kwa "explain", lakini mtahini akiuliza la pili anataka sababu, na mtoto aliyetoa sifa tu hukosa alama ingawa kila alichoandika ni kweli. Bandika ukutani maneno sita ya kuulizia maswali, kila moja na mfano wa jibu lake.

Mpangilio ninaoutumia kwa kipindi cha dakika 40 ni huu. Dakika 10 za kwanza ni za kitu chenyewe, kwa Kiswahili, kitu wanachokiona au kukishika. Dakika 5 ni za maneno: matano, hayazidi, yanatamkwa kwa sauti na kila mtoto. Kisha tunarudi kwenye kitu kile kile kwa Kiingereza, mimi nikiuliza na wao wakijibu kwa sentensi fupi. Dakika 10 za mwisho wanaandika wenyewe, ubao umefutwa. Mwanzoni sentensi zitakuwa mbovu. Ziache ziwe zao. Kufikia Machi utaona mabadiliko kwa macho.

Mthibiti ubora wa shule akiingia akakuta unatumia Kiswahili, mwonyeshe andalio lako la somo, ule mpango wa kipindi, lenye maneno yale matano na sentensi walizoandika watoto. Mimi niliulizwa mara moja, nikaonyesha, tukazungumza vizuri.

Hatua ya 5: Azimio, andalio na shajara

Azimio la kazi liandikwe kabla ya muhula kuanza au ndani ya wiki ya kwanza, andalio la somo kabla ya kila kipindi, na shajara ijazwe siku ile ile uliyofundisha. Walimu wengi huandika azimio la kumwonyesha mkuu. Andika la kwako. Hesabu wiki halisi: toa wiki ya mitihani ya nusu muhula, toa sikukuu, toa siku za UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, kama shule yako inapeleka timu. Wiki zinazobaki ni chache kuliko za kalenda, na hapo utajua mada ipi inahitaji vipindi nane na ipi itatosha kwa viwili.

Vitabu vikipungua, maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania ina vitabu vya kiada unavyoweza kusoma kwa simu. Baraza la Mitihani, NECTA, nalo huweka kwenye tovuti yake fomati za mitihani na taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa kwa kila somo. Hizi za uchambuzi zisome kuliko kitabu chochote cha maswali na majibu. Zinaonyesha majibu ya watahiniwa wenyewe, yaliyo mazuri na yaliyo mabovu, na maelezo ya kwa nini walikosa. Nilipozisoma nilikutana na makosa yale yale ya darasani kwangu.

Hatua ya 6: Jaribio halingoji maabara

Kama maabara ipo na ina vifaa, shukuru na uitumie. Kama ni chumba chenye meza na makabati matupu, anza na vitu vya jikoni. Nieleze moja kwa ukamilifu, kwa kuwa limenisaidia miaka yote.

Nunua sokoni choya kavu, yale maua mekundu ya kutengenezea juisi, konzi moja inatosha. Loweka kwenye kikombe cha maji ya moto kwa dakika 10, chuja kwa kitambaa safi. Maji yatakuwa mekundu sana. Kata chupa tano za maji, tumia sehemu za chini kama vikombe. Kimoja tia maji ya ndimu, cha pili siki, cha tatu maji ya kisima, cha nne magadi yaliyokorogwa kwenye maji, cha tano maji ya majivu yaliyotuama na kuchujwa. Sasa dondosha matone machache ya choya kwenye kila kikombe. Usifanye kinyume, kwa maana choya yenyewe ni tindikali, ikizidi itaficha rangi. Kwenye ndimu na siki itabaki nyekundu. Kwenye magadi itageuka kijani, na darasa litapiga kelele; waache. Maji ya majivu yakiwa mazito nayo hugeuka. Kisha mwambie mtoto mmoja aongeze ndimu kidogo kidogo kwenye kikombe cha magadi mpaka rangi irudi. Mapovu yatatoka. Umefundisha asidi, besi, kiashiria na ubatilishaji kwa gharama ya soda moja.

Usithubutu kuleta darasani maji ya betri ya gari wala kuchanganya dawa za kusafishia choo. Watoto 86 kwenye chumba kimoja hawana pa kukimbilia.

Hatua ya 7: Kusahihisha bila kuzama

Mikondo mitatu ya watoto zaidi ya 80 ni madaftari zaidi ya 240. Ukitaka kusahihisha kila kitu kila siku utaacha kabisa ndani ya wiki tatu, nimeona wengi. Chagua swali moja tu kwa wiki ambalo utalisoma kwa makini kwa kila mtoto na kumwandikia neno. Mengine wabadilishane madaftari, mkisahihisha pamoja ubaoni. Ukiwa unazunguka darasani na kalamu, sahihisha safu moja kila kipindi. Safu nyingine kesho.

Alama zihifadhi sehemu mbili, kwenye daftari lako na kwenye orodha ya mtaaluma. Alama za tathmini endelevu huingia kwenye matokeo ya mtoto, na karatasi iliyopotea ni haki ya mtu iliyopotea. Zoea viwango vyenyewe mapema: A ni kuanzia 75, B 65, C 45, D 30, na chini ya hapo ni F. Mtoto anayepata 27 yuko hatua tatu kutoka D. Mwambie hivyo kwa namba, ofisini, mkiwa wawili.

Hatua ya 8: Nidhamu

Fahamu sheria kabla hujashika fimbo. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinampa mamlaka mkuu wa shule, au mwalimu aliyeruhusiwa naye kwa maandishi. Viboko havizidi vinne, na kila adhabu huandikwa kwenye kitabu chake. Mwalimu anayechapa darasa zima kwa kuwa wamefeli jaribio yuko nje ya kanuni hizo, hata kama ofisini hakuna anayeshangaa. Mimi siitumii fimbo kabisa. Sina darasa la malaika. Kinachofanya kazi ni kujua majina. Jifunze majina kumi kila siku, na mtoto anayepiga kelele mwite kwa jina lake, sauti ya chini. Kosa la kurudia lipeleke kwa mwalimu wa nidhamu likiwa limeandikwa, tarehe na tukio.

Na hili silisemi kwa kuzunguka. Mwanafunzi ni mwanafunzi, awe na miaka 14 au 19. Kumpa mimba mwanafunzi ni kosa lenye kifungo cha miaka 30 chini ya Sheria ya Elimu, kufuatia marekebisho ya mwaka 2016. Usimwite mwanafunzi nyumbani kwako kufua, kupika wala kuchukua karatasi. Masomo ya ziada yafanyike darasani, mlango wazi, wengine wakiwepo. Ukisikia mtoto anasumbuliwa na mtu yeyote, awe mwalimu mwenzako, mwone mlezi wa wasichana na mkuu siku hiyo hiyo, na andika. Tangu Novemba 2021 msichana aliyekatiza masomo kwa ujauzito anaruhusiwa kurudi shuleni. Familia nyingi bado hazijui. Ukiwa mwalimu wa darasa, nenda ukawaambie.

Hatua ya 9: Utoro una majira yake

Daftari la mahudhurio lijazwe kwa kuita majina kweli, si kwa kukadiria. Baada ya mwezi mmoja chora mstari wa siku za utoro na utaona majira. Kusini huku, msimu wa korosho unaanza Septemba hivi na kwenda mpaka Desemba. Mtoto anaokota korosho za familia, au za jirani kwa ujira wa daftari na sare. Ndio wakati ule ule wa upimaji wa Kidato cha Pili na mtihani wa Kidato cha Nne. Jando na unyago hufanyika likizo, na sherehe zikirefuka mtoto hurudi wiki ya pili au ya tatu ya muhula. Ziwa Victoria wana dagaa, kwingine kuna mpunga au mifugo. Jua la kwenu.

Kumfukuza mtoto arudi na mzazi kunampa siku nyingine tatu shambani. Nilichofanya ni kuongea na wazazi kwenye kikao cha Julai, kabla ya msimu, tukakubaliana watoto wa madarasa ya mitihani waokote asubuhi ya Jumamosi na Jumapili. Si wote waliotimiza. Waliotimiza walitosha kujaza madawati ya mbele. Elimu bila ada kwa Kidato cha Kwanza hadi cha Nne ipo tangu 2016, lakini sare, daftari na uji wa saa nne bado ni pesa ya mzazi, na hiyo pesa kwetu inaanguka chini ya mkorosho. Zungumza naye ukilijua hilo.

Hatua ya 10: Mshahara wako

Mwenye shahada huanzia daraja la mshahara la TGTS D, mwenye stashahada TGTS C. Kwenye hati ya mshahara utakuta kodi, mchango wa mfuko wa pensheni, PSSSF, wa asilimia 5, bima ya afya asilimia 3, na kama ulisoma kwa mkopo, Bodi ya Mikopo itakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Soma hati hiyo kila mwezi kwenye mfumo wa watumishi. Makato usiyoyatambua yaulize kwa Afisa Utumishi kwa barua mapema, kabla hayajaendelea mpaka mwaka wa pili.

Cheki namba ikitoka tu, simu za wakopeshaji zitaanza. Kanuni inataka mshahara unaobaki usipungue theluthi moja ya mshahara wa msingi, na wakopeshaji wa pembeni wanaoshika kadi ya benki ya mwalimu hukwepa kanuni hiyo. Usimpe mtu kadi yako wala namba ya siri. Nimefanya kazi na mwalimu hodari sana aliyekuwa akiondoka kipindi cha tatu kila mwisho wa mwezi kumfuata mtu aliyeshika kadi yake. Watoto wake walijua siku hiyo hakuna somo.

Hatua ya 11: Juni, fungua zile karatasi

Wiki moja kabla ya kufunga shule, wape tena maswali yale 10 ya Januari, kwa Kiingereza, na ongeza mawili ya muhula huu. Sahihisha. Kisha weka karatasi ya zamani na mpya mbele ya kila mtoto, umwache asome mwenyewe.

Darasani kwangu kulikuwa na msichana wa kitongoji kile cha mwisho. Januari alikuwa amenakili swali mara tatu kujaza mistari. Juni aliandika sentensi mbili tu, moja kuhusu chumvi na nyingine kuhusu barafu, kila moja na neno lake sahihi, herufi moja ya "s" ikiwa imepungua. Alizisoma karatasi zote mbili, akaniuliza kama anaweza kwenda nazo nyumbani. Nikampa.

Tengeneza nakala ya alama hizo na orodha ya mada zilizoeleweka na zisizoeleweka, umkabidhi mtaaluma kabla hujapanda basi la likizo. Ratiba ya Julai ikibadilika na mkondo wako ukachukuliwa na mwenzako, ataanzia hapo.